Kitalu Kilichoezekwa Kama Kanisa

Katika kijiji cha Ilunda, pale milima ya Uporoto inapoanza kuteremka kuelekea Tukuyu, hakukuwa na fundi wa kuezeka aliyemfikia Fanueli. Nyumba aliyoiezeka yeye haikuvuja hata mvua ikinyesha miezi mitano bila kupumzika. Kanisa lenyewe lilikuwa kazi ya mikono yake, tabaka nne za nyasi zilizopangwa na kubanwa mpaka kidole hakipenyi. Sedekia, mzee mwenzake wa kanisa, mtu wa maneno mengi, alipenda kusema kwamba mvua ikifika juu ya paa lile huomba radhi na kupita.

Kwa hiyo mwaka 1955, washarika walipokubaliana kuotesha miche ya kahawa ili kila nyumba ipate ya kupanda, na mavuno ya kwanza yatolewe kwa ajili ya kengele ya kanisa, hakuna aliyeuliza kitalu atunze nani. Wote walimtazama Fanueli. Naye akainamisha kichwa, akasema atakitunza kama anavyotunza roho yake.

Bwana shamba alipita siku moja kwa baiskeli, akasema miche ya kahawa haipendi jua kali, iwekewe kivuli, kisha akaenda zake. Fanueli alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Alilima tuta refu nyuma ya nyumba yake, karibu na kijito, akapanda mbegu mia sita, akasimamisha fito, akaezeka. Mtu mwingine angetandaza majani machache ya mgomba juu ya fito na kuona yametosha. Fanueli hakujua kuezeka nusu nusu. Kitu kilichowekwa wakfu kwa Mungu, alisema, hakiezekwi kama banda la mbuzi. Aliweka tabaka mbili, akazibana, akazishusha pembeni mpaka zikagusa udongo, akaacha mlango mdogo tu wa kupitisha mkono na kata ya maji. Baridi ya Juni ilipokaribia na ukungu ukaanza kulala kijijini mpaka saa nne asubuhi, akaongeza tabaka ya tatu.

Kila alfajiri alisimama kando ya kitalu, akaweka kiganja juu ya nyasi zenye umande, akaomba. "Bwana, hii ni yako. Ilinde na baridi, ilinde na wadudu, ilinde na jicho baya." Kisha alimwagilia. Jioni alimwagilia tena.

Mwanzoni miche ilimfurahisha. Ilirefuka upesi. Alipoinama kwenye ule mlango mdogo na kuchungulia gizani, aliona vichwa vyake vyembamba vimenyooka juu kama watoto wanaotaka kuona kitu nyuma ya watu wazima. Alikwenda kuwaambia wazee kwamba miche inakimbia. Halafu, katikati ya Juni, majani yakaanza kupauka. Yakawa ya njano kama macho ya mtu mwenye homa ya manjano. Mashina yakalegea, mche mmoja baada ya mwingine ukalala juu ya udongo na kuoza shingoni. Fanueli aliongeza maji. Aliongeza maombi. Miche ikazidi kulala.

Jumamosi moja, akizunguka kitalu kwa uchungu wa moyo, aligundua jambo lililomsimamisha. Kwenye kona ya mashariki, nyasi zilikuwa zimechomolewa. Si kwa upepo. Upepo haufanyi kazi safi namna ile. Mkono wa mtu ulikuwa umechomoa konzi baada ya konzi, ukazirudisha juu juu ili zifanane na zilizobaki. Akazifunua. Chini yake kulikuwa na miche mifupi, haifiki hata nusu ya mingine, yenye majani mazito ya kijani kilichokaribia weusi.

"Imedumaa," alisema moyoni. "Kuna mtu ametia kitu hapa, na ubaya umeanzia kona hii ukaenea kote."

Aliponyanyua kichwa, alimwona Yudith.

Yudith alikuwa mke wa mwanawe, Asukile, aliyekwenda kufanya kazi machimboni Rhodesia. Alikuwa ameolewa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili Fanueli hakuwahi kuona uso wake sawasawa. Ndiyo desturi ya Wanyakyusa: mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe wake, hamtazami, hasemi naye. Wakikutana njiani, yeye hujifunika kichwa na kupisha mbali, hata kama ni kuingia katika matope. Wamisheni walikuwa wamehubiri dhidi ya jambo hilo, na vijana wa mjini Mbeya walianza kuliacha, lakini nyumbani kwa Fanueli lilishikwa kwa ukamilifu. Neno la mkwe humfikia baba kwa kinywa cha mama, na la baba humrudia mkwe kwa njia hiyo hiyo.

Yudith alikuwa anatoka kijitoni na mtungi, amefika karibu na kona ile. Alipomwona Fanueli ameshika nyasi, alitua mtungi, akavuta kitambaa usoni, akakimbilia migombani.

Fanueli alikuwa amemwona akikimbia hivyo mara nyingi zisizo na hesabu, na siku zote aliita heshima. Siku ile aliita hatia.

Jumapili baada ya ibada alilipeleka jambo kwa wazee, akasema kona ya mashariki ya kitalu imetiwa uchawi. Mchungaji alifika Ilunda mara moja tu kwa mwezi, na kati ya safari zake baraza la wazee ndilo lililoamua. Sedekia hakuchelewa.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona kwenye kona."

"Na alipokuona?"

"Alikimbia."

"Basi, bwana! Mtu mwenye mikono safi anakimbia nini? Mumewe hayupo mwaka wa pili, moyo umejaa uchungu, anaumwagia miche ya kanisa."

Wakakubaliana kwamba Jumamosi itakayofuata Yudith aitwe mbele ya baraza. Atatengwa na meza ya Bwana, kisha arudishwe kwa baba yake, Gideoni, kule Masoko, mpaka Asukile atakaporudi na kusema mwenyewe kama anamtaka mke wa namna hiyo. Mjumbe akatumwa Masoko siku ile ile. Fanueli aliporudi nyumbani akamweleza mkewe, Damari. Damari alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama, akafungua kinywa, akakifunga tena. Akaendelea kuchambua.

*

Fanueli alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na tangu Pasaka alikuwa mwanafunzi. Mara mbili kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja jioni, wazee na akina mama wa Ilunda walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda mpaka kifuani, wakajifunza kusoma. Fanueli alitaka kitu kimoja tu: kusimama Jumapili na kusoma somo kwa macho yake, badala ya kulikariri kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Aliomba juu ya kila herufi.

Mwalimu wao aliitwa Liberatus Kalinga, Mhehe wa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, kijana mwembamba aliyevaa koti lile lile siku zote. Alikuwa Mkatoliki, na Sedekia, ambaye naye alisoma pale, hakumwacha apumzike kwa hilo. Baada ya nusu saa ya herufi na nusu saa ya hesabu, mwalimu alikuwa na desturi ya kuwaonyesha kitu kimoja cha maarifa. Jumatatu ile alileta chupa mbili za jemu zenye maji, ndani ya kila moja kijiti cha majani ya majini aliyoyatoa kwenye bwawa la ng'ombe. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema na darasa lilikuwa na giza, kwa hiyo aliwasha karabai, akaitundika.

"Kamwene, wazee," aliwasalimu kwa Kihehe chake. "Leo tutahesabu."

"Maji na taa," alisema Sedekia. "Ninyi Wakatoliki hamwezi kufanya jambo bila maji na taa."

Watu wakacheka, na mwalimu akacheka nao. Akaweka chupa moja karibu kabisa na karabai. "Mzee Sedekia, wewe una sauti. Tazama kwenye kikonyo kilichokatwa. Ukiona povu linatoka, hesabu."

Sedekia akainama, pua ikakaribia kugusa chupa. Mara povu dogo, mviringo kama kichwa cha sindano, likatoka kwenye kikonyo likapanda juu. "Moja! Mbili! Tatu... Hee, jani linapumua!" Kwa dakika moja alihesabu ishirini na mbili. Mwalimu akasogeza chupa hatua tatu kutoka kwenye taa, wakangoja kidogo. Dakika moja: tisa. Akaipeleka mpaka mlangoni, kwenye kivuli. Sedekia akangoja, akangoja, akasema, "Mbili. Na la pili lilikuwa linasitasita."

Chupa ya pili mwalimu alikuwa ameijaza maji yaliyotoka kijitoni wakati ule ule, yenye baridi ya kuuma meno. Aliiweka palepale karibu na karabai. Mwanga ulikuwa ule ule, lakini mapovu yalikuwa saba tu.

"Mmea haupewi chakula na udongo," mwalimu alisema. "Hata mimi nilidhani hivyo nilipokuwa mtoto. Udongoni unapata maji na chumvi kidogo. Chakula chenyewe unakipika katika jani. Maji yanapanda kutoka mizizini. Hewa ile tunayoitoa sisi puani inaingia kwa vitundu vidogo vya jani. Na mwanga ndio moto wa kupikia. Hayo mapovu ni pumzi inayobaki chakula kikiwa kinapikwa. Mapovu yakiwa mengi, mpishi ana kazi. Yakiwa machache, jiko linazimika."

"Na sufuria?" Sedekia aliuliza.

"Sufuria ni ile rangi ya kijani."

"Sasa mwalimu, mpishi huyu mbona alichelewa kwenye maji baridi? Moto ulikuwepo."

"Na wewe ukipigwa baridi, vidole vinafunga kamba upesi?"

"Havifungi."

"Basi na jani hivyo hivyo." Mwalimu akafuta mikono kwenye koti. "Sikilizeni sana hapa. Kupika kunahitaji vitu vyote pamoja. Kile kilichopungua kuliko vyote ndicho kinachochelewesha chakula. Mama ana unga, ana maji, ana sufuria, lakini hana moto. Ukimwongezea maji debe kumi, utakula saa ngapi?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Fanueli. Aliona kata yake ya maji ikiingia kwenye ule mlango mdogo, asubuhi na jioni, asubuhi na jioni.

Kabla hawajatawanyika, mwalimu aliwatoa nje kwenye ukuta wa shule, mahali alipokuwa amepanda maharage. Alichukua jani moja kubwa, akalifunga katikati kwa kipande cha karatasi nyeusi, akakibana kwa pini mbili. "Tusiliguse mpaka Alhamisi," alisema.

Siku tatu zile Fanueli hakulala vizuri. Alijiambia kwamba kahawa si jani la bwawani, na kwamba bwana shamba mwenyewe alisema kivuli. Alikwenda kitaluni asubuhi, akaweka kiganja juu ya nyasi kama kawaida, lakini maneno ya maombi hayakuja. Chini ya kiganja chake kulikuwa na tabaka tatu, na alijua kazi yake: palikuwa hapapenyi kidole.

Alhamisi jua lilitoka tangu asubuhi. Jioni mwalimu alichuma lile jani, akatoa karatasi. Kwa macho halikuwa na tofauti kubwa. Akalichemsha kidogo kwenye maji, akaondoa sufuria motoni, akaweka ndani ya maji yale ya moto kikombe chenye spiriti, ile ya kuwashia karabai, akalizamisha jani humo. Kijani kikayeyuka kikaingia kwenye spiriti, jani likabaki jeupe kama kitambaa kilichofuliwa. Akalisuuza, akalitandaza kwenye sahani, akafungua kichupa cha iodini alichoazima zahanati, ile dawa ya kahawia wanayopaka vidonda.

"Dawa hii ikikutana na wanga inageuka. Mama mmoja alete unga." Aliidondosha juu ya unga wa mahindi, unga ukawa na rangi ya bluu iliyokolea kama wino. "Sasa tuone nani alipika na nani alilala njaa."

Akadondosha kwenye jani. Kingo zote mbili zikageuka bluu nzito, karibu nyeusi. Katikati, mahali palipokuwa pamefunikwa, mkanda ulibaki wa kahawia tu, rangi ya dawa yenyewe. Mipaka yake ilikuwa imenyooka kama iliyokatwa kwa kisu.

"Jani moja," mwalimu alisema taratibu. "Mzizi mmoja, maji yale yale. Pale nilipofunika, hapana chakula."

Hakuna aliyefanya mzaha, hata Sedekia. Fanueli alisimama kwenye dawati lake.

"Mwalimu. Mmea uliofunikwa, unaweza kurefuka?"

"Sana, baba. Kwetu Ipogolo mama yangu alisahau tenga juu ya maharage yaliyoota. Alipolifunua, yalikuwa marefu kuliko yote shambani, meupe, hayawezi kusimama. Mmea ulio gizani unatafuta mwanga. Unatumia akiba yake yote kujinyoosha. Ni kama mtu mwenye njaa anayekwenda mbali kutafuta chakula, na mwendo wenyewe ndio unaommaliza."

"Na ule mfupi? Mfupi, wenye majani mazito?"

"Huo umeshiba," alisema mwalimu.

*

Asubuhi ya Ijumaa Fanueli alikwenda kitaluni ukungu ukiwa haujaondoka. Aliufungua mlango mdogo, akang'oa mche mmoja uliolala. Akaenda kona ya mashariki, akang'oa mmoja mfupi kwa kisu, kwa uangalifu, pamoja na udongo wake. Akaiweka yote miwili juu ya jiwe. Mrefu ulikuwa na vijizizi vitatu kama nyuzi. Mfupi ulikuwa na mizizi mingi iliyoshika udongo kama ngumi.

Akahesabu miche ya kona. Ilikuwa themanini na minne, na hata mmoja haukuwa umeanguka.

Damari alikuwa amesimama nyuma yake. Hakujua alikuwa pale tangu lini.

"Baba Asukile," alisema. "Aliniambia."

"Nani?"

"Mke wa mwanao. Tangu Machi. Kwao Masoko wanapanda kahawa tangu yeye ni mtoto. Aliniambia, mama, mwambie baba paa limezidi, miche haioni, apunguze mpaka jua liingie kwa matone matone kama chini ya mti."

"Mbona hukuniambia?"

Damari alitazama mikono yake. "Ulikuwa umetoka kumaliza tabaka ya pili. Ulikuwa unalisifu. Nikasema nimwambie fundi aliyeezeka kanisa kwamba hajui kuezeka? Nikanyamaza. Naye aliposubiri jibu hakuliona, akaanza kufungua kona yake ukienda kazini, na kuirudisha kabla hujarudi. Nilimwona. Nikanyamaza tena." Machozi yakaanza kumtoka. "Jumapili uliponieleza nilitaka kusema. Nikaogopa. Nimekosa, baba. Nisamehe."

Fanueli alikaa juu ya udongo uliolowa. Alitaka kuomba, na ombi lililokuja lilikuwa fupi: "Bwana, nilikuomba uilinde, na mimi ndiye niliyeifunika." Hakuongeza neno. Alikaa hapo mpaka ukungu ukainuka na jua likagusa lile jiwe lenye miche miwili.

*

Gideoni alifika Jumamosi kabla ya saa tatu, mzee mfupi mwenye fimbo, miguu imejaa vumbi la safari. Hakula alichopewa. Baraza lilikaa kanisani. Ndani kulikuwa na giza la nyumba iliyoezekwa vizuri mno, na wazee saba walikuwa wakionekana macho na mvi tu. Yudith alikuwa nje, nyuma ya ukuta, kichwa amefunika, na mzigo wake umefungwa tayari kando yake.

Sedekia alifungua kwa maombi, akaanza: "Tumekusanyika kwa sababu ya jambo zito—"

"Niruhusu, mzee mwenzangu," alisema Fanueli. Akasimama katikati. Kwenye mkono mmoja alishika mche mrefu, kwenye mwingine mfupi. Akaenda mlangoni penye mwanga ili wote waone.

"Huu niliulea mimi. Huu aliulea yeye, kwa siri, kwenye kona ile niliyoiita ya kichawi. Miche ya kanisa imekufa kwa njaa. Mimi ndiye niliyeinyima chakula, kwa nyasi zangu. Niliezeka kitalu kama ninavyoezeka nyumba ya watu, na jani si mtu. Jani linakula mwanga. Sedekia, umehesabu mapovu wewe mwenyewe."

Sedekia alitazama chini. "Nimehesabu," alisema.

"Basi ni kosa la kutojua," alisema mzee mmoja kutoka gizani. "Kutojua si dhambi, Fanueli. Kaa."

"Sijamaliza." Akabaki amesimama pale pale mlangoni. "Mwanga sikuujua, kweli. Nimefundishwa Alhamisi. Lakini huyu mtoto alipokimbia aliponiona, nilijua kwa nini anakimbia. Miaka miwili ananikimbia, ndiyo desturi yetu, nami ninaipenda kwa sababu inanipa heshima. Siku moja tu nilipotaka mtu wa kumlaumu, nikaja hapa nikawaambia alikimbia, nikanyamaza mengine. Hilo hakuna mwalimu wa kunifundisha. Hilo nilikuwa nalijua nilipokuwa nalisema." Akaiweka miche yote miwili kizingitini. "Meza ya Bwana niondoeni mimi."

Hatimaye Gideoni alisema kutoka kwenye benchi lake, bila kunyanyua sauti:

"Mimi nimetembea tangu jana. Nimeambiwa nije kumchukua binti yangu. Sasa nimchukue, au nisimchukue?"

"Aulizwe mwenyewe," alisema Fanueli.

"Na ni nani wa kumwuliza? Wewe husemi naye."

Damari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka. Walisikia sauti ya chini nyuma ya ukuta, ikakatika, ikaanza tena. Aliporudi, alisimama wima kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni.

"Neno lake nalileta lote," alisema. "Sipunguzi. Anasema baba yake apumzike, ale, atamsindikiza Jumatatu mpaka njia panda. Yeye mwenyewe haendi. Anasema kuna miche mingine katikati inaweza kupona. Lakini paa lisitolewe lote siku moja. Miche iliyozoea giza ikipigwa na jua la mchana itaungua." Akamgeukia Fanueli. "Na anasema imemuuma. Amesema niseme hivyo. Imemuuma."

"Imenifikia," alisema Fanueli.

*

Mchana ule alipanda kwenye fito za kitalu kama alivyopanda kwenye mapaa yote ya Ilunda, ila safari hii alikwenda kuezua. Damari alikuwa chini akipokea nyasi. Upande wa pili, ambako paa lilishuka mpaka chini na mtu hakuweza kumwona mwenzake, Yudith alikuwa amepiga magoti anaondoa miche iliyooza.

Fanueli alishika konzi ya kwanza, akaiachia. Hakujua aanzie wapi. Katika maisha yake yote hakuwahi kutojua aanzie wapi juu ya paa.

"Binti yangu," alisema. Hakumwambia Damari. Alilisema kuelekea upande wa pili wa nyasi, na Damari akabaki na mdomo wazi. "Nianzie upande gani?"

Kijito kilisikika. Kuku walisikika nyumbani. Baadaye sana, sauti asiyoijua, nzito kidogo kuliko alivyodhania, ikatoka nyuma ya paa.

"Mashariki, baba. Tabaka ya juu tu. Nyingine wiki ijayo."

Akaanzia mashariki.

Mvua za Novemba zilipofika, miche iliyopona ilikuwa mia moja thelathini na tisa katika mia sita. Haikutosha kila nyumba. Walipiga kura, na nyumba nyingi zilikosa, na wengine walinung'unika, nao walikuwa na haki ya kunung'unika. Kengele ilingoja miaka mingine. Wazee, waliomtenga kama alivyoomba, walimrudisha Fanueli kwenye meza ya Bwana Krismasi, na Jumapili iliyofuata alisoma somo mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, akikwama mara mbili. Kwenye upande wa wanawake Yudith alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Fanueli hakumsemesha tena baada ya siku ile, wala Yudith hakumsemesha yeye. Walipokutana njiani Yudith bado alivuta kitambaa usoni na kuingia migombani. Fanueli alijizoeza kukohoa mapema, akiwa bado mbali, ili mkwe wake apate nafasi ya kupisha bila kukimbia. Na alipopita pale Yudith aliposimama, alitazama mbele, akasema moyoni lile neno la zamani, akilisema kama mtu anayelipa deni: heshima.